Kuusoma umri wa taa kwenye pingili za mgongo wake

Pingili ya kwanza ya taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, niliyoikata kwa mkono wangu niliihesabia pete 9. Wiki tatu baadaye niliirudia bila kufungua daftari, nikapata 12. Pingili ni ileile na hadubini ni ileile. Tofauti ni kwamba mara ya kwanza nilikuwa nimemwona samaki mwenyewe mezani, nikamchukulia kuwa wa makamo, na macho yakatafuta idadi inayomfaa samaki wa makamo. Tangu hapo kazi hii naifanya kwa utaratibu nitakaoueleza hapa, na sehemu kubwa ya utaratibu huo ni njia za kujizuia nisijidanganye.

Kwanza, kwa nini pingili? Samaki wa mifupa wana vijiwe vya sikio, na ukipasua kijiwe unaona miaka yao imepangwa kama pete za mti. Taa, sawa na papa, ni samaki wa gegedu. Ndani ya sikio lake hamna kijiwe kimoja kigumu bali chembechembe mfano wa mchanga laini, ambazo hazisomeki. Magamba yake ni vijino vya ngozi visivyokua pamoja naye. Mwiba wa mkia unamvutia kila anayeanza, maana ni mgumu na ukipasuliwa huonyesha tabaka, lakini taa hupukutisha mwiba na kuotesha mwingine. Unaloliona kwenye mwiba ni umri wa mwiba, si wa samaki. Hivyo inabaki pingili ya uti wa mgongo. Kiini chake kina umbo la koni mbili zilizogusana ncha, na kadiri samaki anavyokua, utando mpya wenye madini ya chokaa huongezwa pembezoni. Utando wa zamani hauyeyushwi ili kujenga mwili mwingine. Kwa hiyo alichoandika pale alipozaliwa kipo katikati, na alichoandika wiki ya kufa kwake kipo ukingoni.

Mezani, kabla ya kisu

Taa aliyekufa bado anachoma. Sumu imo katika ngozi inayoufunika mwiba, nayo haiondoki kwa sababu samaki amekata roho. Mwiba wenyewe una meno yaliyoelekea nyuma, hivyo ukishaingia hutoka kwa kurarua. Vaa glavu nene, shika mkia, uviringie mwiba tepu nzito au uukate kwa koleo na kuuhifadhi kwenye chupa yake. Ndipo ushike kipimo. Mtu akichomwa mguuni au mkononi, jeraha litumbukizwe katika maji ya moto anayoweza kuyavumilia, yasizidi nyuzi 45 za Selsiasi, kwa muda wa dakika 30 hadi 90, na aonwe na daktari. Joto la maji lijaribiwe kwa mkono mzima, kwa sababu aliyechomwa anaweza kuwa na maumivu makali kiasi cha kutohisi kwamba anaungua. Mwiba ukiingia kifuani, shingoni au tumboni usichomolewe. Mgonjwa akimbizwe hospitali na mwiba ukiwa pale ulipo.

Kipimo cha taa ni upana wa mwili, kutoka ncha ya bawa moja hadi ncha ya bawa la pili. Urefu wa jumla usiutegemee, maana mkia hukatika, na taa aliyepoteza mkia angeonekana amerudi utotoni. Mlaze kifudifudi juu ya ubao bapa, nyoosha mabawa bila kuyavuta, kisha pima kwa ubao wenye vizuizi pande mbili au kwa kalipa kubwa. Utepe wa fundi nguo unaopita juu ya mgongo hufuata mwinuko wa mwili na kuongeza sentimita ambazo samaki hana. Andika kwa milimita. Pima uzito pia, na tarehe ya kuvuliwa iandikwe kamili, kwa kuwa baadaye mwezi utakuwa na thamani kubwa kuliko unavyodhani siku hiyo.

Jinsia huonekana kwa nje: dume ana viungo viwili virefu kando ya mapezi ya nyonga. Ukipata jike mwenye mimba, usimpite haraka. Taa huzaa watoto hai, ambao tumboni hulishwa umajimaji wenye lishe unaotolewa na ukuta wa mji wa mimba. Pima upana wa kila kijusi. Vijusi vilivyokaribia kuzaliwa, pamoja na wale wadogo kabisa unaowapata wakiogelea wenyewe, vitakupa upana wa kuzaliwa. Namba hiyo utaihitaji mara mbili: wakati wa kutafuta alama ya kuzaliwa kwenye pingili, na wakati wa kuchora mkunjo wa ukuaji, yaani mstari unaoonyesha upana kwa kila umri. Nimeona kazi nzuri zikidhoofika kwa sababu tu hakuna aliyekumbuka kupima vijusi.

Pingili zipi, na zisafishweje

Uti wa mgongo wa taa haufanani na wa papa. Nyuma ya fuvu, pingili zimeungana kuwa mrija mmoja mgumu, na kwa taa wenye mwiba kuna sehemu ya pili iliyoungana hivyohivyo nyuma zaidi. Huko mipaka ya pingili haikusaidii. Pingili ninazochukua ni zile huru zilizo juu ya uwazi wa tumbo, nyuma ya sehemu hizo, kubwa kuliko zote ninazoweza kuzipata. Nachukua kumi zilizofuatana. Zitakazotumika ni mbili au tatu. Zinazobaki ni akiba.

Chagua eneo moja na ulishikilie kwa kila samaki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 na Natanson na wenzake ulilinganisha pingili za sehemu mbalimbali za mgongo wa papa wa spishi kadhaa, ukaonyesha kwamba idadi ya pete inaweza kutofautiana ndani ya samaki mmoja na kwamba pete huenda zinafuata unene wa mwili mahali hapo. Ukichukua pingili ya tumboni kwa samaki huyu na ya mkiani kwa yule, umeongeza kosa ambalo hakuna hesabu ya baadaye itakayoliondoa.

Kata nyama inayozunguka, ondoa tao la juu linalofunika uti wa fahamu, kisha tenganisha pingili moja moja kwa kisu chembamba. Nyama iliyobaki huondoka ukiziloweka kwenye dawa ya kung'arishia nguo yenye haipokloraiti ya sodiamu, takriban asilimia 5. Muda unategemea ukubwa: dakika tano zinaweza kumtosha mdogo, nusu saa kwa mkubwa. Usiondoke. Niliwahi kuziacha pingili za taa wachanga kwenye dawa nikaenda kula, nikarudi nikakuta vipande vilivyolainika na kumeguka. Wale ndio wadogo pekee niliokuwa nao msimu ule, na pengo lao lilionekana hadi kwenye mchoro wa mwisho. Baada ya dawa, suuza kwa maji yanayotiririka mpaka harufu iishe, halafu hifadhi kwenye ethanoli ya asilimia 70. Ukitaka kuzikausha, zikaushe kivulini taratibu. Zikikaushwa kwa haraka hupasuka, na mpasuko ukiwa chini ya hadubini unafanana sana na pete.

Kabla ya kukata, pima nusu kipenyo cha pingili kwa samaki wote na ukilinganishe na upana wa mwili kwenye mchoro. Nukta zikipangika karibu na mstari mmoja, pingili inakua sambamba na samaki na unaweza kuendelea. Nukta iliyosimama mbali na wenzake mara nyingi ni lebo iliyobadilishana. Huo ndio wakati mwepesi wa kuligundua.

Kukata

Unahitaji msumeno wa almasi unaozunguka polepole, ukipozwa kwa maji. Pingili igandishwe kwanza kwenye rezini ya epoksi ili isicheze. Ikate kwa urefu, kufuata mhimili wa mwili, kipande kipite katikati kabisa pale ncha za koni zinapogusana. Kipande cha unene wa milimita 0.3 hadi 0.5 kinatosha. Ukikitazama kina umbo la tai ya kipepeo: mikono minne migumu iliyotoka katikati, na kati ya mikono kuna eneo laini zaidi.

Kukosa katikati ndilo kosa baya kuliko yote kwenye hatua hii, na ni baya kwa sababu halijionyeshi. Kipande kilichopita pembeni kidogo bado ni kizuri kwa macho, pete zake zinang'aa, lakini miaka ya kwanza imebaki upande wa pili wa wembe. Nikiona mikono minne haikutani katika nukta moja, nakitupa kipande na kuchukua pingili nyingine kwenye akiba. Gundisha kipande kwenye kioo cha hadubini, kisha kisugue kwa msasa wa maji, namba 600 na baadaye 1200, huku ukisimama kila mara kukitazama. Pete hujitokeza ghafla. Ukisugua kupita hapo zinapotea.

Taa wadogo wa spishi ndogo wanaweza kusomwa kwa pingili nzima bila kukata, ukitazama uso wa koni. Kwa wakubwa sikushauri. Pete za mwisho hubanana ukingoni, na kwenye pingili nzima zinaonekana kama moja. Wengine hupaka rangi ili pete zitokeze: alizarini nyekundu, kristali zambarau, nitrati ya fedha. Jaribu kwa pingili chache za ziada kwanza. Kwa spishi nyingine rangi inasaidia sana, kwa nyingine inapaka kila kitu sawasawa.

Kusoma

Amua mwanga utakaotumia na uandike kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari. Mwanga ukipita kutoka chini, utando mzito huonekana mweusi na utando angavu huonekana mweupe. Mwanga ukitoka juu, kioo kikiwa juu ya kitu cheusi, mambo yanageuka. Nimeshuhudia wasomaji wawili wazoefu wakibishana nusu siku kuhusu ukingo wa pingili moja, kumbe kila mmoja alikuwa na taa yake ya umeme upande tofauti.

Tunahesabu jozi: utando mzito mmoja na utando angavu mmoja. Dhana ni kwamba jozi moja ni mwaka mmoja, na nitairudia dhana hiyo kwa ukali hapa chini. Anza na alama ya kuzaliwa. Ukifuata mkono mgumu kutoka katikati kwenda nje, utafika mahali unapopinda kidogo, pembe inabadilika, na hapo kuna pete. Hiyo ndiyo sifuri. Haihesabiwi. Pima umbali wake kutoka katikati, kisha ulinganishe na nusu kipenyo cha pingili za vijusi vilivyokaribia kuzaliwa. Zikikubaliana, umepata pa kuanzia. Zikitofautiana, usiendelee kuhesabu mpaka ujue kwa nini, kwa sababu kosa la hapa litamfuata kila samaki.

Kutoka hapo nenda nje, jozi kwa jozi. Pete ya kweli huvuka: inaanza kwenye mkono mmoja, inapita eneo laini la kati, inafika mkono wa pili. Pete ya uongo hufifia njiani au hupatikana upande mmoja tu. Taa mjamzito, taa aliyekosa chakula, taa aliyepita kwenye maji yaliyobadilika joto ghafla, wote wanaweza kuacha michirizi isiyo ya mwaka. Ninapopata shaka natazama mikono yote minne, na pete nisiyoiona kwenye angalau mitatu siihesabu. Hiyo ni kanuni yangu. Yako inaweza kuwa nyingine, ila iandikwe kabla ya kuanza na isibadilike katikati ya kazi.

Sasa lile lililonipata na pingili ya kwanza. Kabla ya kusoma, mtu mwingine avipe vioo namba za siri na kuvichanganya. Msomaji asijue upana, jinsia wala tarehe. Piga picha ya kila kioo na uweke nukta juu ya kila pete uliyohesabu, kisha uifiche picha hiyo. Soma mara tatu, na kati ya awamu moja na nyingine zipite wiki mbili au zaidi. Msomaji wa pili asome vyote, au angalau sehemu kubwa, bila kuambiwa ulichopata. Kila kioo kipewe daraja la ubora kutoka 1 hadi 5, na vile vya chini kabisa viondolewe hata kama idadi yake inapendeza. Wanaoondolewa mara nyingi ni wazee, na kuwapoteza kunauma. Taja idadi yao waziwazi kwenye ripoti.

Mkitofautiana, msigawanye tofauti. Mmoja akisoma 7 na mwenzake 10, jibu si 8.5. Kaeni pamoja na picha zenu mbili, muone ni pete zipi mmoja aliziona na mwingine hakuziona. Wakati mwingine mtakubaliana. Mkishindwa, samaki huyo anatoka.

Kiasi cha kukubaliana kipimwe kwa namba. Beamish na Fournier walipendekeza mwaka 1981 wastani wa asilimia ya kosa, na Chang mwaka 1982 akapendekeza mgawo wa tofauti. Chukua samaki mmoja aliyesomwa 6, 7 na 8. Wastani ni 7. Tofauti na wastani ni 1, 0 na 1. Gawa kila moja kwa 7, jumlisha, gawa kwa 3, unapata asilimia 9.5. Mgawo wa tofauti wa samaki huyohuyo ni mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi masomo yanavyotawanyika kuzunguka wastani), ambao hapa ni 1, kugawanywa kwa 7: asilimia 14.3. Fanya hivyo kwa wote kisha chukua wastani. Campana, katika mapitio yake ya mwaka 2001, alitaja mgawo wa tofauti wa asilimia 5 kama kiwango cha kujilinganisha kwa samaki wengi, huku akieleza kwamba kazi za pingili za papa huwa juu ya 10. Kwa taa, ukipata kati ya hizo mbili, usione aibu.

Lakini asilimia hizi haziwezi kukuambia nani amekosea. Wasomaji wawili wanaweza kuwa karibu sana na bado mmoja akawa anaruka pete moja kwa kila samaki mzee. Chora masomo ya mmoja dhidi ya mwingine: kwa kila umri aliousoma wa kwanza, weka wastani wa wa pili. Mstari ukianza vizuri kisha ukainama kuanzia miaka ya 10 na kuendelea, mmoja wenu anashindwa na pete zilizobanana ukingoni. Jaribio la ulinganifu la Bowker litawaambia kama mwinamo huo ni wa bahati tu.

Pete si mwaka mpaka ithibitike

Hapa ndipo ninapowaomba wasomaji wangu wasiharakishe. Kila kilichofanyika hadi sasa kimetupa idadi ya jozi za pete. Hakijatupa umri. Wasomaji watatu wanaweza kukubaliana kikamilifu juu ya idadi isiyo na uhusiano na miaka. Kwa papa malaika wa Pasifiki, Natanson na Cailliet walionyesha mwaka 1990 kwamba pete hufuata ukuaji wa mwili, si kalenda. Samaki wawili wa umri mmoja, mmoja akila vizuri kuliko mwenzake, wanaweza kuwa na pete tofauti.

Njia ya bei nafuu ni ukingo wa pingili, na ndiyo sababu nilisisitiza tarehe. Pima umbali kutoka pete kamili ya mwisho hadi ukingo, ugawanye kwa upana wa jozi kamili ya mwisho. Kama nusu kipenyo cha pingili ni milimita 4.62, pete ya mwisho ipo kwenye 4.40 na iliyotangulia kwenye 3.90, basi uwiano ni 0.22 kugawanywa kwa 0.50, yaani 0.44. Samaki huyu alikuwa karibu katikati ya kujenga jozi yake mpya. Fanya hivyo kwa samaki wa kila mwezi wa mwaka. Uwiano ukipanda mwezi hadi mwezi kisha ukaanguka mara moja tu kwa mwaka, pete ni ya mwaka. Ukianguka mara mbili, ni mbili kwa mwaka. Tenganisha wadogo na wakubwa, maana kinachoonekana kwa vijana hakiwi lazima kweli kwa wazee, na kwa wazee ukingo ni mwembamba kiasi kwamba kipimo chenyewe kinatetereka.

Njia yenye nguvu zaidi ni kumtia samaki alama hai. Holden na Vince walifanya hivyo mwaka 1973 kwa Raja clavata, jamaa wa taa asiye na mwiba wa sumu. Dawa ya tetrasaiklini ikidungwa mwilini hushikana na chokaa inayowekwa siku zile, na baadaye chini ya mwanga wa urujuanimno mstari huo hung'aa manjano. Kiwango kinachotumika sana ni miligramu 25 kwa kila kilo ya samaki. Samaki awekewe lebo, aachiwe au afugwe, na akipatikana tena unahesabu pete zilizo nje ya mstari na kuzilinganisha na muda uliopita. Mwaka mmoja na nusu, pete moja na nusu: hapo umethibitisha, kwa umri wa samaki huyo. Hujathibitisha kwa mzee wa miaka 20.

Kwa wazee kuna kaboni ya mabomu. Majaribio ya silaha za nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960 yaliongeza kaboni-14, aina ya kaboni yenye mnururisho, angani na hatimaye baharini, na kiumbe aliyekuwa akikua wakati huo ana alama hiyo mwilini. Kwa njia hii, utafiti wa mwaka 2014 ulimpa papa mweupe dume wa Atlantiki ya kaskazini magharibi miaka 73, mbali sana na makadirio ya awali yaliyotokana na kuhesabu pete. Mapitio ya Harry ya mwaka 2017 yalionyesha kwamba kupunguza umri ni kosa lililoenea katika tafiti za papa na taa, hasa kwa wakubwa, pale mwili unapoacha kupanuka na pete zinakosa nafasi. Kwa hiyo ukiwa na mashaka, fahamu kosa linaelekea wapi: samaki wako mkubwa huenda ni mzee kuliko ulivyosoma.

Kutoka umri hadi ukuaji

Ukishapata jozi za umri na upana, tenganisha majike na madume. Mlinganyo unaotumika zaidi ni wa von Bertalanffy wa mwaka 1938, na kwa taa napendelea sura yake inayoanzia upana wa kuzaliwa:

upana = W∞ − (W∞ − W0) × e^(−k × umri)

W∞ ni upana ambao samaki wa wastani angeukaribia kama angeishi milele, W0 ni upana wa kuzaliwa, na k ni kasi ya kuukaribia huo ukomo. Tuseme kwa mfano wa hesabu tu kwamba W∞ ni sentimita 90, W0 ni 20 na k ni 0.1. Akiwa na miaka 5 atakuwa na sentimita 47.5, miaka 10, 64.2, miaka 20, 80.5. Tazama jinsi miaka mitano ya kwanza ilivyompa zaidi ya sentimita 27, na miaka kumi ya baadaye, kutoka 10 hadi 20, ikampa 16 tu. Ndiyo maana upana peke yake hautoshi kukisia umri wa mkubwa: kati ya taa wawili walioachana kwa sentimita chache kunaweza kuwa na muongo mzima.

Sura nyingine ya mlinganyo hutumia t0, umri wa kubuni ambapo upana ungekuwa sifuri. Mimi naikwepa, kwa sababu taa hakuwahi kuwa na upana sifuri akiwa nje ya mama yake, ilhali upana wa kuzaliwa nimeupima kwa mkono wangu. Jaribu pia mlinganyo wa Gompertz na ule wa lojistiki, kisha ilinganishe yote kwa kigezo cha Akaike, namba inayoonyesha mlinganyo upi unazifaa data zaidi. Programu ya R hufanya yote bila malipo. Ila mlinganyo uliokaa vizuri zaidi kwenye nukta bado unaweza kuwa upuuzi. Kama W∞ yako ni sentimita 140 na taa mkubwa uliyewahi kumpima ana 85, tatizo halimo kwenye programu. Huna wazee wa kutosha, au umewasoma kuwa vijana mno.

Kukosa wadogo kunaharibu vilevile. Nyavu na ndoana huchagua, na sampuli nyingi hukosa wachanga. Kushikilia W0 iliyopimwa husaidia mkunjo uanze mahali pake. Unaweza pia kurudi nyuma kwenye pingili na kukisia upana wa samaki katika kila pete, lakini usizichukulie nukta hizo kana kwamba ni samaki wapya. Zote zimetoka kwa samaki mmoja, na zikijazwa kwenye mchoro zinaufanya uonekane na uhakika ambao haupo.

Ili ujue matokeo ya kawaida yanafananaje, chukua taa almasi wa Pasifiki, aliyechunguzwa katika pwani ya Baja California nchini Meksiko na Smith, Cailliet na wenzao, kazi iliyochapishwa mwaka 2007. Majike walisomwa hadi miaka 28, madume hadi 19. Kasi ya ukuaji k ilikuwa takriban 0.05 kwa majike na 0.10 kwa madume. Hiyo ni kasi ndogo sana, kwa samaki anayevuliwa na kuuzwa. Anayekua hivyo huchelewa kupevuka, na wengi wa jamii yake huzaa watoto wachache kwa mara moja. Ukikosea na kusema jike hupevuka akiwa na miaka 6 ilhali ni 9, mtu atakayepanga kiasi cha kuvuliwa kwa kutumia karatasi yako atawaruhusu wavuvi kuwaondoa majike miaka mitatu kabla hawajazaa hata mara moja. Kwa hiyo kwenye ripoti andika k pamoja na mipaka yake ya uhakika, andika umri mkubwa uliosomwa kwa macho kando na ule uliokisiwa na mlinganyo, na useme bila kuficha ni hadi umri gani pete zako zimethibitishwa.

Pingili zilizobaki usizitupe. Ziweke kwenye ethanoli ya asilimia 70, kila samaki chupa yake, na lebo ya karatasi nene iliyoandikwa kwa penseli iingie ndani ya chupa, kwani wino wa kalamu huyeyuka kwenye ethanoli na lebo ya nje hubanduka. Namba ya samaki, tarehe, jinsia, upana, eneo la mgongo zilikotolewa. Vioo vilivyosomwa vipangwe kwenye sanduku kavu pamoja na picha zenye nukta, ili anayetaka kukupinga aweze kuweka kidole kwenye pete ileile uliyoihesabu.